Kayamba la Sikukuu ya Mavuno

Kanisa la Bongwe lilikuwa na vita vya aina mbili, vya popo na vya nyimbo. Vya popo vilikwisha dari lilipobadilishwa. Vya nyimbo havikuisha, kwa sababu kila upande uliamini kwamba Mungu yuko nao, na Mungu mwenyewe hakuonyesha haraka ya kusema.

Upande wa kwanza ulikuwa wa Ziro. Siku za kazi alikuwa fundi wa cherehani, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka bure. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa hivyo kwa miaka ishirini na saba. Ibada kwake ilikuwa kitabu cha nyimbo na sauti nne zinazokwenda pamoja bila mtu kutikisa bega. Kwaya ilisimama mbele ya kanisa, naye akasimama mbele ya kwaya, uso kwao na mgongo kwa waumini, mkono wake ukipima hewa kama apimavyo kitambaa.

Upande wa pili ulikuwa wa Mercy na vijana wake. Mercy alikuwa binti wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na alipenda kinanda cha umeme, maikrofoni, na mstari mmoja unaorudiwa mpaka watu watokwe na machozi.

"Mungu si kiziwi," Ziro alikuwa akimwambia. "Akiambiwa mara moja husikia."

"Wala si mwalimu wa shule, Mwalimu," Mercy alijibu kwa adabu zake zote. "Hasahihishi."

Basi wakaishi hivyo, Jumapili hii kitabu, Jumapili ijayo kinanda, na kila upande ukichelewa kufika katika zamu ya mwenzake.

Ziro alikuwa na aibu moja ambayo hakumwambia mtu. Mama yake, Bibi Umazi, hakuwa akiimba. Mwanamke wa miaka themanini na mitano, mbatizwa, mwenye kilemba cha buluu cha Umoja wa Akina Mama, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango kwa ajili ya kifua chake kilichotaka upepo. Watu walipotoka walimpa Ziro mkono na kusifu kwaya. Mama yake alimwambia tu kwamba kumekuwa na joto. Ziro alifundisha watu mia mbili kumwimbia Mungu, na aliyemzaa hakuimba. Lilimuuma, na kwa kuwa lilimuuma, hakuliuliza.

Sababu alidhani anaijua. Kabla ya kubatizwa, Umazi alikuwa mpiga kayamba wa waganga, na jina lake lilijulikana toka Bongwe hadi Majoreni. Mgonjwa wa pepo alikalishwa katikati, akina mama wakalitikisa kayamba, lile bapa la matete lenye mbegu ndani, mpaka pepo akapanda na kutaja anachotaka. Ziro mdogo alibebwa mgongoni kwenda huko, baadaye akaenda kwa miguu yake, akalala juu ya mkeka katikati ya kelele hizo kama wengine wanavyolala penye mvua. Alikuwa na miaka minane mama yake alipoingia kanisani. Mwinjilisti aliyachoma makayamba yote nyuma ya kanisa. Umazi alisimama akatazama mpaka yakawa majivu, kisha akaenda kuteka maji.

Ziro alipokuwa karani wa baraza la wazee, aliandika kanuni kwa mkono wake mwenyewe. Muumini yeyote atakayepiga kayamba kwa mdundo wa uganga atatengwa na Meza ya Bwana miezi sita, na akifa ndani ya muda huo kanisa halitamzika. Wazee walisema ni kali. Ziro alisema mlango unaoachwa wazi nusu huingiza mwizi mzima. Ikapita.

Mambo yangebaki hapo kama si mchungaji mpya, mtu wa bara, mwenye nia njema na haraka ya kuitumia. Alipoona kanisa limegawanyika kati ya kitabu na kinanda, alipata wazo kwamba vyote viwili vimetoka mbali. "Tumwabudu Mungu kwa vitu vyetu," alisema barazani. Sikukuu ya Mavuno vijana wapige kayamba. Wazee wenyeji walitazama viatu vyao. Wazee wa kutoka bara walifurahi, wakasema ndiyo, utamaduni. Ziro alipinga, akashindwa kwa kura mbili. Akaandika kibali kwa herufi za kunyooka: kayamba kama chombo cha muziki tu, vijana sita waliotajwa majina, siku hiyo moja.

Mercy hakuwa na kayamba wala hakujua kulipiga, lakini hotelini kwao palikuwa na Chirau. Huyu alicheza ngoma Jumatano na Jumamosi mbele ya wageni wanaokula. Mercy alimwomba amfundishe mdundo mzuri kuliko yote, naye Chirau, ambaye si mtu wa hila, akamfundisha ule unaowainua wageni vitini. Aliurithi kwa shangazi yake. Shangazi aliurithi kazini, na kazi yake haikuwa hoteli.

Jambo moja Chirau hakumwambia, kwa kuwa na yeye alikwisha kulisahau. Zamani mdundo ule ulikuwa na mwisho wake. Hotelini mwisho ulikatwa, maana dakika ile ndipo kitindamlo kinapoletwa na meneja hataki kelele.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilijaa. Mahindi, mihogo, madafu na kuku watatu waliofungwa miguu walipangwa mbele ya madhabahu. Ziro na kwaya yake waliimba nyimbo mbili, sauti nne, hakuna bega lililotikisika. Kisha Mercy akaingia na wenzake watano, makayamba mikononi, wakaanza.

Watu wa bara walipiga makofi mara moja. Mchungaji alitabasamu. Ziro alisimama kando ya kwaya yake. Aliujua mdundo ule. Hakuwa ameusikia kwa miaka hamsini, na aliujua kama mtu ajuavyo harufu ya nyumba ya utotoni.

Katika mabenchi ya nyuma bibi mmoja aliinuka akatoka nje. Akafuata wa pili. Wa tatu alijifunika kanga usoni, akashikwa mkono akatolewa. Hapakuwa na ukelele wala aliyeanguka. Walitoka kama watu waliokumbuka sufuria motoni, kina mama kumi na mmoja, wakasimama uani juani, hawaondoki na hawarudi.

Mercy alifika pale ambapo hotelini huletwa kitindamlo, akanyamaza ghafla na kuinama. Makofi yakalia. Ndipo Bibi Umazi alipoinuka benchi la mwisho. Alikuja na fimbo yake katikati ya kanisa, taratibu mno hata makofi yakaisha kabla hajafika, akasimama mbele ya Mercy na kunyoosha mkono.

"Nipe hilo, mjukuu wangu."

"Shikamoo, Bibi," Mercy alisema.

"Marahaba. Mmeita na hamkuaga. Mgeni haitwi kisha akaachwa mlangoni."

Mchungaji alishuka. Alizungumza kwa upole, na ni haki asifiwe kwa hilo. "Mama, hapa hatukumwita pepo yeyote. Tumemwabudu Mungu."

"Mungu nimemjua kabla hujazaliwa, baba," alisema Umazi. "Huo mdundo haukwenda kwake. Wimbo hauendi utakako wewe, huenda ulikozoea. Mimi siwaogopi hao wa zamani, nilikwisha kuwaacha. Lakini wale wenzangu wako nje, na nyumbani hawawezi kwenda katika hali hii. Mtu akiwa na hofu ya namna ile halali, na mgonjwa asiyelala hufa. Nipeni niwaagie, kisha mtaniambia mtakalo."

Mchungaji alimtazama Ziro, kwa sababu kila jambo gumu katika kanisa lile lilikuwa na kanuni, na kanuni zote zilikuwa kwa Ziro.

Ziro alikuwa akihesabu miezi. Daktari wa Msambweni alikuwa amemwambia waziwazi kwamba moyo wa mama yake umechoka, kwamba asimsumbue kwa safari, na kwamba mwaka mpya wakiuona washukuru. Miezi sita kwa mtu kama huyo ni maisha yote yaliyobaki. Kitu kimoja tu alichokuwa Umazi amekiomba kwa mwanawe, tena mara moja, ni azikwe na kanisa, na kile kilemba cha buluu kichwani. Alikuwa amekwisha kununua kingine kipya, kimekunjwa sandukuni. Na sasa alikuwa amenyoosha mkono mbele ya watu mia tatu kuomba kosa lililoandikwa na mtoto wake mwenyewe. Alijua. Kanuni ilisomwa kila mwaka. Ziro alimwona anavyojua, na aliogopa.

Mercy aliinua kayamba kumpa bibi. Ziro alifika kwanza.

"Mama, keti," alisema.

"Ziro, usinizuie."

"Sikuzuii. Keti."

Akalishika kayamba kwa viganja viwili, bapa lake likilala sawasawa, kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu. Kwaya nzima, sauti zote nne, ilimtazama mwalimu wake. Akaanza kulitikisa, pole, mara mbili kwenda na mara moja kurudi. Mikono ilikumbuka kila kitu. Ilikumbuka pahala pa kusita na pahala pa kushuka, na mwisho ule mrefu ambapo mbegu zinasikika moja moja zikipungua, kama maji yanayokwisha mtungini. Alipiga kwa dakika nne hivi, macho sakafuni. Hakusali.

Alipomaliza, kina mama kumi na mmoja waliingia wakakaa. Mmoja aliuliza kama sadaka imekwisha kupita.

Ziro aliweka kayamba kando ya mihogo, akapanguza mikono kwa kitambaa, akairudia kwaya yake. "Wimbo wa mia moja na arubaini," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. Hakuna aliyeingia pamoja na mwenzake.

Baraza lilikaa Jumanne. Wazee wengi walitaka kupitisha kimya. Mmoja alisema kwamba mtu hashtakiwi kwa kuzima moto aliowashiwa. Mchungaji, ambaye tangu Jumapili alikuwa amekonda, alisema kosa ni lake. Lakini Ziro alikuwa amekwisha kufungua daftari la kumbukumbu.

"Ni mdundo wa uganga," alisema. "Nilijua ni mdundo wa uganga. Kibali kina majina sita, na langu halimo."

"Uliamini ulichokuwa ukikifanya?" mchungaji akamuuliza.

Ziro alifikiri, kwa sababu alilichukulia swali kuwa swali. "Niliamini kwamba ama angepiga mama, ama ningepiga mimi," alisema. Akaandika hukumu yake mwenyewe, miezi sita, akaweka tarehe, na kwa herufi zilezile za kunyooka akaandika chini yake pendekezo kwamba sehemu ya maziko ifutwe katika kanuni. Hilo lilipita bila kura. Mercy akapewa kwaya, kwa kuwa ndiye peke yake mwingine aliyeweza kusoma noti. Alikubali huku akilia, jambo ambalo Ziro aliliona si la lazima.

Aliyetengwa katika kanisa lile hukaa benchi la mwisho. Jumapili iliyofuata Ziro alivaa suti yake, akaingia, akapita mabenchi yote aliyoyapa mgongo kwa miaka ishirini na saba, akakaa karibu na mlango kando ya mama yake. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Mercy alisimama mbele. Ziro alitazamia kinanda, lakini binti yule alifungua kitabu, pengine kwa kumheshimu, pengine kwa kumwogopa, akainua mkono. Kwaya ikaanza. Tena walianza vizuri, na hilo nalo lilimuuma kidogo.

Katika ubeti wa pili alisikia kitu kando yake. Mwanzo alidhani ni kifua cha mama kinalia. Aliinamisha kichwa. Umazi alikuwa akiimba. Sauti ilikuwa ndogo, ya chini, haikuwa soprano wala alto, na ilichelewa nyuma ya kwaya kwa makusudi, ikilikamata neno kwaya inapoliacha. Kucha zake ziligonga jalada la kitabu asichoweza kukisoma, mara mbili kwenda na mara moja kurudi. Maneno yote alikuwa nayo. Na katika benchi lile bibi mwingine alikuwa akimwitikia, na mbele yao wengine wawili, kina mama walewale, kwaya nzima ambayo haikufundishwa na mtu, wakiimba chini ya ile nyingine.

Ziro alisubiri mpaka mwisho wa ubeti.

"Mama," alisema, "kumbe waimba. Tangu lini?"

Umazi alimtazama kwa mshangao kidogo, kama aliyeulizwa kama huwa anakula.

"Tangu nibatizwe," alisema. "Wewe ulikuwa umetupa mgongo." Akaushika ubeti wa tatu, kwa sababu kwaya haikumngoja.