Mkunga wa Mzee Anselme

Tanguy alimwalika Hermine chakula cha mchana kwenye mgahawa wake mpya mjini Lyon, akasisitiza aje na baba yake. Hermine hakushangaa. Yeye na Tanguy walisomea upishi pamoja, wakaungua vidole kwenye jiko moja, na babu yake Hermine alipofariki, Tanguy ndiye aliyekaa naye akimsikiliza akilia na kusimulia habari za mzee huyo na mapishi yake.

Mgahawa ulikuwa wa kisasa: meza zisizo na vitambaa, kuta za saruji, sahani pana zenye chakula kidogo katikati. Mzee Firmin, baba yake Hermine, aliinamia yake.

"Ndiyo yote hii, au wanaleta nyingine?"

"Kula, Baba. Usinitie aibu."

Ilipofika zamu ya samaki, mhudumu, msichana mchangamfu, aliweka sahani mezani, akaanza kusimulia kama alivyofundishwa.

"Huyu ni mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka, amepikwa kwa mvinyo mwekundu na vitunguu. Babu yake mpishi wetu alikuwa na mkono mmoja. Alikuwa anambana mkunga kwa kiwiko, anamchuna ngozi kwa meno..."

"Babu yake nani?" Hermine alimkatiza.

"Wa Tanguy, mpishi wetu. Mzee Anselme."

Uma ulimponyoka Hermine. Hata jina la babu yake hakubadilisha! Alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa amefumba macho, anatafuna polepole, machozi yanamtiririka.

"Ndiye huyu huyu," alisema. "Kama amepikwa na baba mwenyewe."

Hilo lilimchoma Hermine kuliko uongo wenyewe. Miaka yote amejaribu kumpika mkunga yule, na baba yake alikuwa akila tu na kumshukuru.

Tanguy akatoka jikoni, uso umejaa tabasamu. "Mmeonaje?"

Mzee Firmin alijifuta macho. "Kama Anselme ni babu yako, basi mimi ni baba yako. Hebu niambie, mwanangu, mama yako ni nani?"

Meza ya jirani ikacheka. Tanguy akawa mwekundu.

"Hermine, nilitaka mfurahi. Ni kumuenzi mzee."

"Kumuenzi kwa kumfanya wako?"

"Babu yangu alikuwa anauza bima! Nani atakuja kula bima?"

"Ungeniomba, Tanguy, ningekupa. Wewe umenichukulia nikiwa nalia."

"Tutaongea baadaye. Wateja wanasikiliza."

"Wasikilize. Si wanapenda hadithi?"

Hermine alisimama, akavaa koti. Baba yake hakunyanyuka. Alikwangua mchuzi wote kwa kipande cha mkate mpaka sahani ikang'aa. "Mkunga hana kosa," alisema, kisha akamfuata bintiye.

Tanguy alituma ujumbe mara kadhaa, akiomba radhi nusunusu. Hermine hakujibu. Baadaye rafiki yao mmoja aliyekwenda kula pale alimwambia kuwa mkunga bado anauzwa, tena ndiye anayependwa kuliko vyote. Ila siku hizi mhudumu anasema tu kwamba mpishi alibuni mapishi hayo mwenyewe.