Maboksi ya Bi Sahani

Mchoraji alipofariki, watu walimzika huku wakicheka. Mhariri wake wa zamani alisimama kando ya kaburi akasimulia kipande kimoja cha "Bi Sahani", na waombolezaji wakashika mbavu. Hakuna aliyeona vibaya. Marehemu alikuwa amewachekesha kila Jumamosi kwa miaka mingi kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti, na wapo waliokuwa wakilisoma gazeti hilo kuanzia nyuma kwa sababu yake.

Katuni ilikuwa na watu watatu. Bi Sahani, mke mnene mwenye bangili mpaka kwenye viwiko, ambaye akikasirika vyombo vinaruka. Mumewe, kibwana chembamba cha miwani, ambaye kila mara huishia chini ya meza. Na mtoto wao Nundu, aliyeitwa hivyo kwa sababu sahani zikimkosa baba, zinampata yeye.

Mchoraji mwenyewe alikuwa na mke na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo aligandwa na jina la Nundu tangu darasa la kwanza, na hata alipokuwa mtu mzima, fundi wa meno ya bandia, wateja walimwita Fundi Nundu. Hakuchukia. Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu, na kwenye sherehe alipenda kulisimulia: mama kamrushia baba kikombe, baba kainama, kikombe kikaja kutua kwangu. Watu hoi. Mama yake, kama yupo, alitabasamu, kisha akainuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Baada ya msiba, maktaba kuu iliomba karatasi za marehemu: michoro, rasimu, madaftari, barua za wasomaji. Nundu alimwuliza mama yake.

"Ni za baba yako," mama akasema. "Fanya unavyoona."

Zikachukuliwa, zikapangwa kwenye maboksi ya kijivu. Baadaye mhifadhi nyaraka akapiga simu. Kulikuwa na sura nyingi kwenye michoro ambazo hakuna aliyezijua, na maktaba ilikuwa inaandaa maonyesho. Je, mama angeweza kuja kuwasaidia?

Chumba cha nyaraka kilikuwa na baridi kama bucha. Mhifadhi, mwanamke wa makamo aliyevaa sweta mbili, aliwakaribisha kwenye meza ndefu. Kalamu za wino zilikatazwa humo, kila mtu alipewa penseli. Mbele yake kulikuwa na kibakuli kilichojaa vibanio alivyovichomoa mwenyewe kwenye karatasi za marehemu, vyote vimeota kutu.

"Mama, mimi nilijifunzia kusoma kwa Bi Sahani," akasema huku akicheka kwa aibu. "Sikuamini kama nitakuona ana kwa ana."

"Basi umeniona," mama akajibu.

Kazi ilianza vizuri. Huyu ni muuza nyama wa pale kona. Huyu alikuwa jirani, akipiga tarumbeta vibaya mpaka mbwa wanahama mtaa. Mama alicheka mara mbili tatu, na Nundu akafurahi moyoni. Tangu msiba alikuwa hajamsikia akicheka. Mhifadhi aliandika majina kwa penseli nyuma ya kila mchoro, akiweka karatasi laini katikati ili wino usiguse wino.

Kisha akatoa ule wa kikombe. Bi Sahani ameinua mkono, mume ameinama, Nundu mdogo wa sare za shule anaona nyota.

"Aa! Huu nauweza mimi," Nundu akasema, akasimulia kisa chote, akajigusa kovu. Mhifadhi alicheka mpaka akavua miwani kujifuta.

"Kwa hiyo niandike kwamba unatokana na tukio la kweli," akasema, "siku mke wa mchoraji alipo..."

"Usiandike hivyo," mama akasema. "Kikombe alikirusha baba yake."

Nundu akacheka. "Mama naye!"

"Gazeti lilikuwa limekataa michoro yake, limemrudishia. Nikamwekea chai, akasema imepoa. Wewe ulikuwa mlangoni na mkoba wako, unasubiri nikufunge viatu. Mimi ndiye niliyeinama."

"Mama, mimi nakumbuka. Nilikuwepo! Naukumbuka mkono wako. Nasikia mpaka bangili zinavyolia."

Mama akasogeza kidole juu ya mchoro, bila kuugusa, mpaka pale marehemu alipoandika kando ya mkono ulioinuliwa: *chaling! chaling!*

"Mimi sijavaa bangili maishani mwangu, mwanangu. Nilivyokuwa nafua nguo za watu, ningezivaa saa ngapi?"

Mhifadhi aliweka penseli chini. Nundu alitafuta kichwani mwake mama yake mwenye bangili, akamwona waziwazi, mnene, wa wino mweusi. Mama yake wa kweli alikuwa amekaa pale, mwembamba kama alivyokuwa siku zote.

"Baba hayupo kujitetea," akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka.

"Mimi nilikuwepo, na sikujitetea," mama akasema. Akachukua mkoba wake.

Nundu alimshusha mama mlangoni kwake, na badala ya kurudi kazini akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu. Alimkuta anashona vifungo vya shati.

"Shangazi, baba alikuwa anampiga mama?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Naomba unijibu."

Shangazi alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mdogo wangu alikuwa na hasira za karibu. Zikija zinapita."

"Na kikombe?"

Shangazi alilikunja shati, akalikunjua tena. "Mama yako alikuja hapa amekubeba, kitambaa ulichofungwa kichwani chote damu. Nikakuosha. Nikamwambia arudi kwake, mume akishatulia atajuta. Akarudi. Jumamosi gazeti likatoka na kile kikombe, nikacheka. Nilijua, mwanangu, na bado nilicheka. Alikuwa hodari mno."

Nundu alirudi kwa mama yake, akamkuta uani akianua nguo. Alishika ncha moja ya shuka wakaikunja pamoja, kama walivyofanya alipokuwa mtoto, akashindwa kuanza. Mama ndiye aliyeanza.

"Unataka kujua kwa nini sikusema."

"Ndiyo."

"Ulirudi shuleni wenzako wamekubeba juu kwa sababu wewe ndiye Nundu wa gazetini. Ulikuwa na bandeji kichwani na meno yote nje kwa furaha. Ningekwambia nini?" Akaipokea ncha ya shuka mikononi mwake. "Mimi sokoni, muuza vyombo alikuwa akiniona anakumbatia sahani zake. 'Jamani, kaja!' Watu wanaanguka chini. Nanunua nyanya zangu naondoka."

"Na baba?"

"Yeye akishamaliza kurusha anakaa mezani anachora. Mimi nafagia vigae, nasikia kalamu inakwaruza. Siku nyingine ananiita: njoo uone, inachekesha. Naenda. Na inachekesha kweli." Sauti yake ikapungua. "Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nacheka."

Alipozeeka alikuwa mpole, mama akaendelea. Mkono ulianza kutetemeka, akawa anaomba maji kwa adabu. Huyo ndiye aliyewabeba wajukuu. Hakuwa mtu wa uongo, huyo, ila alichelewa kufika.

Nundu akasema atakwenda kuyachukua maboksi yote. Alitaka kuyachoma moto palepale uani.

"Uyachukue uyapeleke wapi?" mama akamwuliza. "Bi Sahani yuko vichwani mwa watu. Huko hutaingia na kiberiti. Yaache."

Maonyesho yakafunguliwa. Mama hakwenda. Mlangoni walimsimamisha Bi Sahani wa mbao, mrefu kuliko mtu, na wageni wakawa wanapiga naye picha wakijikinga vichwa. Mhifadhi alikuwa ameandika kikaratasi cha kuweka chini ya mchoro wa kikombe, kwamba familia inakumbuka tukio hilo tofauti. Mkurugenzi alikiondoa asubuhi ile, akasema hapa watu wamekuja kufurahi.

Mhariri mzee alimwona Nundu, akamvuta mbele ya watu. "Huyu hapa, Nundu mwenyewe! Hebu tupe kile kisa cha kikombe."

Nundu alipanda jukwaani. Alikuwa hajapanga kusema kitu. Alizitazama zile nyuso zilizokuwa tayari zimeanza kutabasamu, zinasubiri.

"Kikombe alikirusha baba," akasema. "Kila chombo alikirusha baba. Mama ndiye aliyekuwa chini ya meza."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, akidhani ni mzaha mpya, na ukumbi mzima ukamfuata. Mhariri akampiga Nundu mgongoni, machozi yakimtoka. "Damu ni damu! Kama baba yake!" Nundu alirudia, kwa sauti zaidi, nao wakazidi kucheka. Alishuka akatoka nje. Mhifadhi peke yake hakuwa anacheka. Alisimama kando ya mlango, mikono ndani ya mikono ya sweta.

Nundu alipomweleza mama yake, alitegemea atalia. Mama alisugua kiwiko chake kwa kiganja. Mwishowe akasema, "Yule mama wa sweta ana kinasa sauti?"

Alikuwa nacho. Wiki iliyofuata walipanda tena zile ngazi za maktaba. Mhifadhi aliwaeleza kwamba maneno ya mama yatawekwa pamoja na maboksi ya mchoraji, na atakayeomba michoro atapewa na sauti vilevile. Mama aamue tu yafunguliwe lini.

"Nikifa," mama akasema.

Nundu alivuta kiti. Mama akamwekea mkono begani. "Wewe baki nje."

"Mama, mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana. Ukiwepo nitasema ya kukupendeza. Nimefanya hivyo vya kutosha."

Alikaa kwenye benchi ukumbini, mgongo ukutani. Mlango ulikuwa mzito. Alisikia sauti tu, maneno hakuyapata. Ilikwenda, ikasita, ikaendelea. Kuna wakati ilikatika muda mrefu hata akasimama, akashika kitasa, akakiachia. Kuna wakati alimsikia mama anacheka, na mhifadhi naye anacheka, naye akabaki anajiuliza ni kitu gani.

Walipotoka, mhifadhi alikuwa na macho mekundu. Mama alionekana amechoka tu, kama mtu aliyepanga foleni siku nzima.

"Umesema nini juu yangu?" Nundu akauliza.

"Nina njaa," mama akasema. "Twende."

Alimpa mkono kwenye ngazi. Mama akaushika, wakashuka polepole, kila mmoja akiangalia miguu yake.