Dirisha la Tatu

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, nilikuwa nafungua kompyuta, naingia kwenye tovuti ya baba, nashuka mpaka video ya tatu na kubonyeza. Baba ameinamia cherehani nyeusi, bisibisi imebanwa midomoni kama sigara. Anaeleza kwa nini cherehani inaruka mishono. Kwenye sekunde ya arobaini anainua uso, anaitoa ile bisibisi, ananitazama mimi niliyeshika simu.

"Umekula?"

"Bado, baba," sauti yangu inajibu kutoka nyuma ya kamera. Nami pale kitandani nilikuwa naitikia pamoja nayo: "Bado, baba." Kisha nafunga kompyuta, naoga, naenda kazini.

Asubuhi hiyo nilibonyeza, na mahali pa baba pakatokea kisanduku cha kijivu. Video hii haipatikani.

Nikabonyeza tena. Nikapanda kwenye ya pili, ya kwanza. Nikashuka hadi ya kumi na moja. Visanduku kumi na moja vya kijivu, vimeachana kwa nafasi sawa, kwa sababu zile nafasi nilizipima mwenyewe. Tovuti yenyewe ilikuwa nzima. Jina la baba lilikuwa juu, kwa rangi ya bluu aliyoichagua. Maelezo yangu yalikuwa chini ya kila kisanduku: Hapa fundi anaonyesha namna ya kusafisha bobini ya uzi. Fundi hayupo, bobini haipo.

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Hakushona nguo, alizitengeneza cherehani za wanaoshona. Wao walimwita Daktari, naye alijifanya halipendi jina hilo. Nilipomaliza chuo, kabla sijapata kazi, nikamwambia nitamtengenezea tovuti, watu wasimpigie simu kila uzi unapokatika. Tulirekodi palepale kwenye chumba chake cha kazi, mimi nimeshika simu kwa mikono miwili, yeye akianza upya kila lori lilipopita nje.

Video zilikuwa nzito na tovuti yetu ilikuwa ndogo. Nikazipakia kwenye mtandao wa kuhifadhia video, kwa akaunti niliyoifungua kwa namba yake ya simu. Kisha nikachukua mstari mmoja wa msimbo kwa kila video, nikaupachika kwenye ukurasa wetu. Nilimweleza kwamba video zenyewe hazikai kwetu. Kwetu kuna dirisha tu la kuzichungulia.

"Kwa hiyo tumepanga," alisema.

"Ni kama hivyo, baba."

"Na mwenye nyumba akitutoa?"

Nilicheka. Nikamwambia hawa hawamtoi mtu. Aliitazama skrini vile alivyozoea kuitazama cherehani ambayo mteja ameapa kwamba haina tatizo.

"Weka na za akiba," akasema.

"Nitaweka."

"Na pale nilipokuuliza kama umekula?"

"Pale nitapakata, usijali."

"Paache. Watu wajue nina mtoto."

Miezi minane baadaye kifua kilimbana. Alikaa hospitalini siku nne tu, wala hakurudi nyumbani.

Asubuhi ile ya visanduku vya kijivu nilimkuta mama jikoni, anapanga vikombe.

"Mama, simu ya baba iko wapi?"

"Nimeifunga laini yake jana." Hakugeuka. "Watu hawaachi kupiga. Daktari yupo? Daktari anarudi saa ngapi? Niseme mara ngapi, mwanangu? Yule dada wa duka la simu amenisaidia, amefunga na vile vilivyounganishwa nayo."

"Vitu vipi?"

"Vyote."

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kupiga kelele. Chuoni walinitania kwamba hata nikikanyagwa mguu, naomba radhi mimi. Nilisema, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga mlango polepole kwa ndani. Nikaenda kazini, nikawaandikia wenye mtandao. Jibu lilikuja siku ya tatu: akaunti ilifutwa na mwenyewe na haiwezi kurudishwa. Nilirudia kulisoma lile neno, mwenyewe, mpaka herufi zikaanza kucheza.

Kuna jambo sikumwambia mama. Za akiba sikuziweka. Video zenyewe zilikuwa kwenye simu yangu, na wiki mbili kabla baba hajaugua, nilizifuta zote kumi na moja. Simu ilikuwa imejaa na rafiki yangu alikuwa na mahafali. Nilitaka nafasi ya picha. Nilizifuta huku natafuna karanga, kwa kidole kimoja, nikijiambia si zipo mtandaoni.

Mama aliamini kosa ni lake peke yake, nami nikamwacha aamini.

Akaanza kuwazungukia washonaji, mlango kwa mlango, kuuliza kama kuna aliyebaki na video ya Daktari kwenye simu yake. Jioni alinipa ripoti. Yule anayeshona sare za shule alikuwa nayo moja, akabadilisha simu. Yule mwenye kigugumizi ana picha, lakini ni ya mkono tu. Ningeujua mkono ule popote. Nilisema, "Asante, mama," bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Wiki tatu niliishi naye hivyo.

Jumamosi moja nilirudi nikamkuta amekaa kitandani kwangu, bado na viatu, vumbi limempanda mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Kuna mmoja nyuma ya soko sijamfikia," alisema. "Nikipumzika kidogo, nitakwenda."

"Usiende, mama."

Akanitazama.

"Nilikuwa nazo," nikasema. "Zote, kwenye simu yangu. Baba aliniambia niweke za akiba, mimi nikazifuta. Hata hajaanza kuumwa. Na nimekuacha utembee hivi."

Hakunigombeza. Alivua kiatu kimoja, akakiweka mapajani, akawa anakifuta vumbi kwa kiganja, taratibu, kama kiatu cha mgeni.

"Yule dada wa duka la simu aliniuliza," alisema. "Aliniambia, mama, na video nazo zitaondoka, una hakika? Nikamwambia ziondoke."

Nikakaa chini, mgongo ukutani.

"Ukuta huu ni mwembamba, mwanangu. Kila asubuhi namsikia anakuuliza kama umekula, nawe unamjibu bado. Mimi niko jikoni, chai yako nimeshaimimina. Halafu unapita mlangoni, nimechelewa mama, unakwenda." Alikigeuza kiatu, akafuta upande wa pili. "Zilipoondoka ukanyamaza kabisa. Ndipo nikaanza kuzitafuta."

Nje kulipita lori. Tulingoja sote wawili limalizike, kama mimi na baba tulivyokuwa tukingoja wakati wa kurekodi.

"Nilitaka unijibu mimi," mama akasema.