Mabega ya Mkurugenzi

Jumatatu saa tatu asubuhi Nyawira alimaliza kuandika chapisho la mkurugenzi wake, akalisoma mara mbili, akalirusha mtandaoni. Kisha akateleka maji ya chai kwenye jiko la gesi.

Ofisi ilikuwa Naro Moru, juu ya duka la mbegu, na kazi ya kampuni ilikuwa kupeleka wageni mlimani. Gathogo, mwenye kampuni, alikuwa amemwajiri atunze stoo ya vifaa. Alipogundua kwamba msichana anajua kuandika, alimwongezea kazi ya pili: kumjengea jina kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ambako kila mtu amevaa suti na kila mtu amejifunza jambo. Watu elfu ishirini walimfuata Gathogo. Wengine walimwandikia kutoka Nairobi kumwambia kwamba anawatia moyo.

Chapisho la siku hiyo lilimhusu Theuri, mpagazi aliyekufa kwa baridi mlimani wiki mbili zilizopita. Gathogo mwenyewe ndiye aliyeeleza liandikweje.

"Sema nilimbeba mimi," alimwambia. "Masaa sita, kwa mgongo. Watu wanapenda leader mwenye anabeba watu wake."

Siku aliyokufa Theuri, Gathogo alikuwa Nyeri mjini akihutubia mkutano wa wafanyabiashara. Aliyembeba ni Wamae, mpagazi mwenzake, na kamba zilimchuna mabega mpaka nyama ikaonekana.

Kufikia saa saba watu elfu tatu walikuwa wamelipenda chapisho. Saa nane Gathogo aliingia akiwa ameshika bega, akavua shati, akamwomba Nyawira ampake dawa. Ngozi ilikuwa imechunika katika mistari miwili mirefu ya kamba, nayo ilitoa maji. Nyawira alimpaka. Jioni Wamae alipita kurudisha hema. Kola ya shati lake ilikuwa wazi, na mabega yake yalikuwa laini, hayana hata kovu.

Nyawira alimuuliza yamepona lini. Wamae alijitazama bega moja, halafu la pili.

"Kwani yalikuwa na nini?" alisema, akaenda zake.

Nyawira aliliacha hema pale pale sakafuni. Alipofika nyumbani alifunga mlango, akajisimulia kwa sauti yale aliyoyajua: kwamba asubuhi ya safari, Theuri alisimama mlangoni mwa stoo akisugua mikono, akauliza kama hakuna koti hata moja, kwamba yeye alimjibu makoti ni ya wageni, kwa kuwa Gathogo alikuwa amesema hivyo, kwamba kisha alifunga kufuli. Yote yalikuwapo bado akilini. Tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kunawa uso, alijisimulia tena mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayehesabu watoto wake.

Wamucii, mjane wa Theuri, alikuwa amepeleka malalamiko kwa afisa wa leba, yule wa serikali anayesikiliza kesi za wafanyakazi, na kikao kilipangwa Ijumaa. Wamae alikuwa ameahidi kusema nani alimbeba Theuri. Nyawira alikuwa amemwahidi Wamucii, wakiwa wawili tu, kwamba naye atasema habari ya koti.

Jumatano Gathogo alitaka chapisho lingine: kwamba hakuna mpagazi wake anayepanda bila koti zito. Nyawira aliandika. Aliandika kwa sababu aliambiwa mara mbili, na mara ya pili aliambiwa kwa upole.

Alhamisi asubuhi Wamucii alipanda ngazi na ndoo ya viazi na picha yenye fremu, ile iliyosimamishwa juu ya jeneza. Theuri alikuwa amepigwa picha hiyo kanisani, akiwa na shati jeupe. Sasa pichani alikuwa amevaa koti la samawati la kampuni, zipu imefika kidevuni.

"Nimekuja kusema asante ya koti," Wamucii alisema. "Ati nilikuwa nimesahau mlimpea."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema alilia njia nzima na hakujua analilia nini. Nyawira alifungua mdomo ili amwambie ukweli. Gathogo alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake ya ndani, akipuliza chai, na Nyawira akasema viazi ni vizuri.

Mjane alipoondoka, Gathogo alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Sasa andika moja yako," alisema. "Vile ulimvalisha wewe mwenyewe."

Nyawira alikataa. Gathogo hakukasirika. Aligeuza kompyuta upande wake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, akiuliza mara kwa mara neno fulani linaandikwaje. Mlango ulikuwa wazi. Nyawira aliwaza kukimbia, lakini hakujua mahali ambapo mtandao haufiki. Basi akaketi na kunong'ona: Theuri alisimama mlangoni. Alisugua mikono. Aliuliza kama hakuna hata moja. Nikamjibu ni ya wageni.

Gathogo alibonyeza. Simu yake ikaanza kulia, mara moja, mara tatu, kisha mfululizo.

Theuri alisimama mlangoni, Nyawira alinong'ona. Alisugua mikono. Aliuliza kama hakuna hata moja. Nikamjibu.

Sentensi haikuwa na mwisho. Aliutafuta kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba ya wenyewe akitafuta swichi. Halafu ukaja: nikamjibu ngoja, nikamshushia koti. Hofu ilibaki tumboni mwake kwa muda, haina tena kitu cha kuogopa, kisha nayo ikaondoka.

Kikao cha Ijumaa kilichukua dakika ishirini. Wamae alisema mkurugenzi alimbeba rafiki yake. Nyawira alisema alichokumbuka. Afisa aliandika kila neno kama alivyoambiwa, akafunga faili.

Walipotoka, Wamucii alimpeleka Nyawira hotelini, akaagiza chai na mandazi. Chai ikaletwa. Kisha Wamucii akauliza jambo moja tu, akitazama kikombe.

"Akienda, ulimwona kama anasikia baridi?"

"Hapana," alisema Nyawira. "Nilimfunga zipu mpaka juu. Alikuwa na joto."

Wamucii aliitikia kwa kichwa, taratibu. Akamega andazi, akamsukumia Nyawira kipande kikubwa.