Tetea wa Somoe na Marejesho Yangu

Usiku wa jana niliota nimeitwa ofisi ya kata, na aliyeniita ni kuku.

Sikushangaa. Kilichonitesa ni kwamba nilikuwa na gauni la kulalia, na kwenye benchi la nje wamekaa wanawake wenzangu wanne wa kikundi cha Tusichoke, wamevaa sare zetu za kitenge cha njano, wamenyooka kama wanasubiri kupigwa picha. Wananisalimia kwa adabu. Naitikia huku nimeziba kifua kwa mikono.

Niseme kwanza kilichonipeleka. Mwaka jana serikali ilitukopesha sisi watano mkopo usio na riba. Kila mmoja alipata laki tatu na kuandika mradi wake, na masharti yalikuwa wazi: mmoja akishindwa kurejesha, kikundi kizima kinakosa mkopo wa pili. Mimi niliandika ufugaji wa kuku. Siku pesa ilipotoka, mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwangu tangu asubuhi, anataka kodi ya miezi sita. Nikampa. Kilichobaki kikaenda kwenye unga, mkaa na viatu vya shule. Afisa maendeleo alipokuja kukagua mradi, nilimwomba Somoe, jirani yangu na mwenzangu wa kikundi, aniazime kuku wake kumi na wawili kwa saa moja. Wakapigwa picha wakiwa kwangu, wakarudi kwao. Nikadhani yameisha.

Ndani ya ofisi, nyuma ya meza, amekaa tetea mwekundu wa Somoe. Ana kitambulisho shingoni. Nakaa. Kiti kinaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakikuandikwa kwenye bajeti yangu. Nasimama.

"Mama Shamte," anasema tetea, "kuku wa mradi wako wapi?"

"Mlikuwa ninyi."

"Sisi tulikuja kupigwa picha. Nauliza wa mradi."

Nasema walikufa kwa kideri. Kila mtu husema kideri. Pale pale fomu yangu ya mkopo inakohoa juu ya meza, inajifungua ukurasa wa pili na kuanza kusoma. Siku ya mkopo, saa saba mchana. Chipsi na robo kuku. Pilipili ya kuongeza.

Nataka kufa. Jambo hilo sijamwambia mtu. Mimi ni mkaanga vitumbua, miaka kumi na moja nawapa watu chakula, na siku ile nilitaka mara moja tu nikae kwenye kiti cha plastiki niletewe sahani na mtu mwingine. Nilikula nimegeukia ukuta. Pesa ya kufuga kuku nikala kuku.

Tetea hakasiriki, na hilo ndilo linaloniumiza. "Robo ipi?" anauliza.

"Paja."

Anaandika. "Nilimfahamu," anasema, kisha anafungua ukurasa mwingine.

Ananiuliza napata kiasi gani kwa siku. Namwambia elfu nne, mvua isiponyesha. Anataka kujua rejesho la mwezi ni kiasi gani, namjibu elfu ishirini na tano. Ananikumbusha kwamba nina miezi mitatu sijapeleka. Naahidi kwamba mwezi ujao nitapeleka yote kwa pamoja. Pedi ya wino inacheka kidogo, halafu inaomba radhi.

"Lakini hapa pote pamelipwa," anasema tetea. Anakanyaga pedi ya wino kwa mguu wa kulia, kisha anakanyaga daftari mara tatu, Januari, Februari, Machi. Nyayo tatu za zambarau.

Namuuliza nani kalipa. Ananielekeza niangalie dirishani niwahesabu wenzake. Nje kuku wamejipanga mstari. Nawahesabu, wako wanane. Na yeye tisa.

"Tulikuwa kumi na wawili," anasema. "Kila mwezi anakwenda mmoja."

Kabla sijajibu, Somoe anaingia, khanga mkononi. Haniangalii. Anainama mbele yangu kama anavyoinama mama anayetaka kumbeba mtoto.

"Panda, shoga."

Nakataa. Nina miaka arobaini na mitatu na kilo sabini na mbili.

"Panda, tunachelewa benki. Wewe huwezi kwenda kwa miguu yako, na masharti yanasema mdhamini asimwache mtu njiani."

Ananifunga mbeleko. Miguu yangu inaburuta chini. Tunatoka, na benchi lote linasimama kutupisha. Barabara ya benki inapita katikati ya soko, wateja wangu wa vitumbua wananitazama na vitumbua vyao mdomoni. Halafu soko si soko tena, ni baraza la nyumba niliyozaliwa. Mama yangu, ambaye tulimzika zamani, amekaa anachambua mchele.

"Umembeba mtoto wa nani, mwanangu?" anamuuliza Somoe.

"Wa kikundi, mama."

Mama ananiangalia vizuri, kisha anarudi kwenye mchele wake. Hakunitambua. Au alinitambua, akanistahi. Sijui lipi ni aibu zaidi.

Nasikia pumzi za Somoe, nzito. Jasho lake linalowesha gauni langu. Namwomba anishushe. Anasema akinishusha, mkopo wa pili hautoki, wenzetu Asumini hatapata cherehani na Mama Pili atafunga genge, ninyamaze. Nyuma yetu kuku wanane wanafuata kwa mstari, na tetea mwekundu ametangulia, anaacha nyayo za wino mavumbini.

Nikaamka.

Nilikoroga unga, nikawasha jiko nje kama kawaida. Nilikuwa nimeuza vitumbua vya elfu mbili na mia tatu Somoe alipotokea uchochoroni, mkono mmoja kiunoni. Mkono wa pili ulikuwa umemshika tetea mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Tulisalimiana. Alilalamika mgongo umemkaza tangu alfajiri, hajui alilalaje.

Nikamuuliza anampeleka wapi. Akasema sokoni, siku hizi hatagi. Alisema hivyo akiangalia kikaango. Ukuta wetu ni mmoja, na kila asubuhi namsikia tetea yule akitangaza yai lake.

"Mrudishe, Somoe," nilisema. "Rejesho la mwezi huu nitalipa mwenyewe." Nikamwaga zile elfu mbili na mia tatu kwenye kiganja chake, pamoja na mafuta ya vidole vyangu. "Nyingine nitakuletea kila siku jioni, hata ikiwa mia tano."

Aliziangalia zile pesa.

"Mbona mimi sijataja rejesho?" akauliza. "Nani kakwambia?"

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu. Nikainama kumfungua kuku kamba. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa na wino wa zambarau, bado mbichi, na ukanishika mkononi.