Klasi Iliyoitwa Mwenyekiti

Mwaka 2006 jumuiya mbili za Wazanzibari wa London, ya Woolwich na ya Kenton, ziliungana. Halmashauri ya mji ilikuwa imeahidi kuwapa watoto wao ukumbi wa madrasa, kwa sharti moja: Ijumaa, kabla ya saa kumi alasiri, ipelekwe orodha moja ya wanachama. Kazi akapewa Hayat, fundi wa programu, ambaye wanawe wawili walikuwa wakisomea juzuu jikoni, ubavuni mwa mashine ya kufulia.

Kila jumuiya ilikuwa na programu yake ya kuwekea majina ya wanachama, iliyoandikwa na mwenyekiti mwenyewe baada ya kozi ya jioni. Hayat akaziweka pamoja, kila moja katika folda yake. Kompyuta ikagoma: jina "Mwenyekiti" limeshatumika.

Maktaba ya programu iliyounganisha kila klasi, yaani kila aina ya watu iliyopewa jina ndani ya programu, na jedwali lake katika hifadhidata haikujali folda. Ilitazama jina fupi tu, lisilotaja folda. Na kila mwenyekiti, mzee wa watu, alikuwa ameunda klasi nzima, Mwenyekiti, kwa ajili ya mtu mmoja: yeye. Habari za fahali wawili na zizi moja kompyuta haikupata kuzisikia. Iligoma kwa akili yake.

Ijumaa, baada ya sala, Hayat akawaita wazee wote wawili.

"Ami Sufian, nikuandike MwenyekitiWoolwich?"

"Woolwich? Kwani mie kituo cha treni?"

"Basi wewe, Ami Abdulwakil, MwenyekitiKenton?"

"Mie siongezi hata herufi, mwanangu. Mbadilishe huyo."

"Huyo!" Sufian akacheka. "Huyo kozi yenyewe kafeli."

"Nilifeli Kiingereza, si kompyuta!"

Visheti vikaisha, hoja hazikuisha. Saa tisa ilipogonga, Hayat akazifuta klasi zote mbili, akawaingiza wazee katika klasi ya Mwanachama, pamoja na watu wengine. Programu ikaenda kama maji.

Kila mzee akaipokea karatasi ya orodha, akahakikisha jambo moja tu: kwamba mwenzake hakuandikwa mwenyekiti. Aliporidhika, akatia saini.

Saa kumi kasoro dakika tano, ofisini kwa halmashauri, karani akaipokea orodha, kisha akagusa fomu ya ukumbi kwa kalamu.

"Nafasi ya mwenyekiti iko wazi. Nani?"

Hayat akaikumbuka ile mashine ya kufulia. Akaichukua kalamu, akaandika jina fupi ambalo lilikuwa bado halijatumika: Hayat.