Injini Ambayo Kibiwott Hakuisikia

Asubuhi ya kesi, mwaka wa 1996, Kibiwott hakutulia kwenye benchi la mahakama ya Bungoma. Yeye ndiye aliyeongea na marubani kwa redio katika kiwanja cha ndege cha shamba moja nje ya Kitale. Siku moja ya ukungu, rubani Madanlal alimwambia kwamba chombo chake cha satelaiti kilionyesha yuko juu ya kiwanja. Kibiwott akamjibu ashuke. Ndege ikaanguka kwenye mahindi kule Tongaren, mbali sana na kiwanja, na Madanlal akakatwa mguu. Mwenye ndege akamshtaki rubani pamoja na kiwanja.

“Wenye satelaiti wako ng’ambo, hakuna sheria ya kuwafikia,” Chepkemei, wakili wa kiwanja, alimnong’oneza. “Wewe sema ulimwamini rubani tu, basi.”

Kizimbani, Kibiwott alimwona Madanlal na magongo yake.

“Mheshimiwa, ndege ikiwa juu yetu huwa naisikia. Siku hiyo sikusikia kitu, na bado nilimwambia ashuke.”

Chepkemei akafumba macho. Hakimu aligawa lawama kati ya rubani na kiwanja, na Kibiwott akafutwa kazi. Madanlal alimngoja mlangoni.

“Bwana Kibiwott, miezi yote hii nilidhani kosa ni langu peke yangu,” alisema, akampa mkono.